Lebo ya Heidelberg na Vitabu vya Parokia Zetu



Katika Maktaba ya Vatikano mna vitabu vya kale ambavyo ndani yake kimebandikwa kikaratasi kilichochapwa kwa Kilatini. Kikaratasi hicho kinakifanya kitabu kiseme chenyewe: kwamba kilikuwa cha maktaba ya Heidelberg, kwamba mji ule ulipotekwa kilifanywa nyara, na kwamba Maximilian, mtawala wa Bavaria, alikituma kwa Baba Mtakatifu Gregori XV kuwa kumbukumbu ya ushindi. Ni lebo tu ya maktaba, lakini neno «nyara» halikufichwa. Sisi tuliozoea kusikia kwamba mali ya Kanisa hutokana na ukarimu wa waamini, tunasoma hapo jambo tusilolitazamia.

Mji wa Heidelberg ulitekwa mwezi wa Septemba 1622, wakati wakuu Wakatoliki na wakuu Waprotestanti wa Ujerumani walipokuwa wakipigana. Maktaba yake ilisifiwa kote Ulaya. Roma ikamtuma Leone Allacci, msomi mzaliwa wa kisiwa cha Chios, aende kuifungasha. Njia ya kuvuka milima ya Alpi ilikuwa ndefu, na wanyama wa mizigo hawakuweza kubeba kila kitu. Basi, ili kupunguza uzito, aliagiza vitabu vingi vivuliwe majalada yake ya mbao na ngozi. Vilipofika Roma mwaka 1623, Papa aliyekusudiwa zawadi hiyo alikuwa amekwisha kufariki.

Tusimhukumu Allacci upesi. Maandishi yaliokoka, na huenda aliona kwamba hilo ndilo lenye maana. Lakini jalada nalo ni shahidi. Ottheinrich, aliyetawala Heidelberg katika karne ya 16, alivifungisha vitabu vyake kwa majalada yaliyopigwa chapa ya sura yake na mwaka. Anayelishika jalada la namna hiyo hujua kitabu kilikuwa cha nani, na tangu lini. Likivuliwa, kurasa zabaki kama mtoto aliyeokotwa njiani, asiyeweza kutaja ukoo wake.

Hata hivyo, alama ndogo ilizuia ukoo huo usipotee kabisa. Vitabu vile havikuchanganywa na vingine vya Vatikano; viliwekwa peke yake kwa jina la Palatina, yaani maktaba ya wakuu wa Heidelberg, kila kimoja na namba yake. Mwaka 1816 vitabu 847 vya mkono vya lugha ya Kijerumani vilirudishwa Heidelberg, na hadi leo vinaitwa kwa jina hilohilo la Palatina. Vile vya Kilatini, karibu vyote, vilibaki Roma. Mwaka 1888 Heidelberg ilipata tena kitabu mashuhuri cha nyimbo kilichokuwa Paris. Kikapewa namba 848, kana kwamba nafasi yake ilikuwa ikikingoja.

Katika maktaba zinazotunza vitabu adimu, wakutubi wa siku hizi hawabandiki kitu juu ya kitabu cha kale. Namba huandikwa kwa penseli laini, mahali pasipo na maandishi, au juu ya ukanda wa karatasi isiyo na asidi unaochomekwa kati ya kurasa na kuchungulia juu. Jalada lililolegea hufungwa kwa utepe wa pamba, fundo likikaa upande wa kurasa lisiugandamize mgongo wa kitabu. Kilicho dhaifu zaidi hutiwa katika sanduku, na lebo hubandikwa juu ya sanduku. Kanuni yao ni kwamba lolote walilolitenda liweze kuondolewa kesho bila kuacha jeraha.

Tunaandika hayo kwa sababu nasi tumekosa. Miaka iliyopita, katika parokia moja tuliyoitumikia, tulipewa kazi ya kupanga kabati la vitabu vya batizo. Tulinunua gundi na utepe wa plastiki, tukabandika lebo mpya juu ya migongo yote, tukafurahia unadhifu wake. Baadaye alifika mama mmoja akitafuta ubatizo wa marehemu baba yake. Alikuwa na cheti cha zamani chenye namba ya kitabu. Lakini namba za zamani zilikuwa chini ya lebo zetu, na tulipojaribu kuzibandua, ngozi ya mgongo ilichunika pamoja nazo. Tulisoma kurasa moja moja kwa siku tatu hadi tukamwona baba yake.

Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 535, inaagiza vitabu vya zamani vya parokia vitunzwe kwa uangalifu. Kwetu, ambako mchwa, panya na unyevu havipumziki, na ambako vita vimewafukuza watu na makaratasi yao, mara nyingi kitabu hicho ndicho mahali pekee palipoandikwa jina la babu.

Tangu siku ile tunatumia penseli na vikanda vya karatasi. Kabla ya kugusa kitabu tunanakili katika daftari kila alama tunayoikuta: namba, jina la misioni, muhuri, hata mwandiko wa pembeni. Vitabu vitatu vingali na lebo zetu. Hatujavigusa tena, tunamngoja fundi anayejua kuzilainisha. Katika daftari, mbele ya kila kimoja, tumeandika ni nani aliyezibandika.