Pesa ya Barghash Haitaki Limau

Bibi yangu mzaa baba aliniachia pesa mbili za Sayyid Barghash, sultani wa Unguja. Nilizikuta zimefungwa pindoni mwa kanga iliyochakaa, chini kabisa ya kasha lake, pamoja na vijiti vya udi na hati ya nyumba yake ya Ng'ambo. Moja niliiharibu kwa mkono wangu mwenyewe. Ya pili ndiyo inayonifanya niandike leo.

Nilikuwa na miaka ishirini, na kwetu shaba ilisafishwa kwa njia moja tu: limau, chumvi na majivu. Sinia zilisuguliwa hivyo usiku wa kuamkia Idi mpaka ukajiona uso. Basi nikaifanyia pesa kama sinia. Ilipotoka bakulini ilikuwa na rangi ya nyama mbichi. Mizani iliyochorwa upande mmoja ilibaki kama kivuli, na katika tarakimu za mwaka 1299 nilizisoma mbili tu. Sinia ni pana na nene, hata ikiliwa kidogo na limau haijali. Lakini shaba iliyokaa miaka mingi, uso wake wa juu hugeuka kutu, na mchoro hubaki ndani ya ngozi hiyo hiyo nyekundu yenye weusi. Nilipoiondoa kutu niliondoa na maandishi.

Mwaka 1299 wa hijria ni 1882 kwa hesabu ya miladi. Kabla ya hapo Unguja ilikuwa na reale za Maria Theresa, zote zimeandikwa 1780 hata zile zilizopigwa miaka mingi baadaye. Reale ni fedha nzito; hununulii kitumbua. Kwa manunuzi madogo watu walitumia shaba zilizoletwa kutoka Bombay, na Wahindi waliziita paisa, kwetu pesa. Pesa nne zilifanya ana moja, ana kumi na sita zikafanya rupia, kwa hiyo rupia moja ilikuwa pesa 64. Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alipopiga pesa zake mwenyewe aliweka mizani juu yake, alama ambayo watu wa pwani walikwisha kuizoea: ilikuwamo katika shaba za Kampuni ya Kiingereza ya Bombay za miaka ya 1830. Mwaka 1888 kampuni ya Waingereza iliyokuwa Mombasa nayo ikatoa pesa yake, na mizani ikawamo tena. Wajerumani wa bara wakafuata mwaka 1890 na pesa ya kampuni yao, yenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja. Mwaka 1904 wakaiacha, wakaleta heller, mia kwa rupia.

Tazama jinsi lugha yetu ilivyochagua. Dhahabu na reale hazikutupa neno la kila siku. Tunasema pesa, na bara wanasema hela, na maneno yote mawili yametoka kwenye vijishaba vya thamani ya chini sana, vile alivyovishika muuza muhogo na mchukuzi wa bandarini. Mama yake bibi aliuza vitumbua Darajani. Bibi alinieleza kwamba pesa hizi mbili ni za siku ya kwanza ya biashara ya mama yake, ambaye hakuzitumia, akazifunga pindoni. Rupia iliondolewa Unguja mwaka 1936, shilingi ikachukua nafasi yake, na zile mbili zikabaki palepale.

Masika yaliyopita niliitoa ile iliyosalia nikaona madoa ya kijani kibichi, laini kama unga, yanachafua kitambaa. Mtoto wa ndugu yangu aliitazama akasema, "Ami, hii imeshaoza. Mji Mkongwe wanauza safi, nikuletee nyingine?" Alisema kwa mapenzi, wala sikumlaumu. Lakini nyingi katika zile safi zinazouzwa kwa wageni zimesuguliwa kama nilivyoisugua yangu. Na hata ningepata nzuri kuliko zote, ingekuwa pesa ya Barghash tu. Isingekuwa ya vitumbua.

Kijani hakifanani chote. Kile kigumu, cha giza, kilichoshikana na shaba, kikiwa kimetulia ni kama koti, kiache. Cha kuogopa ni kile cha unga, chenye rangi hafifu. Hicho kinatokana na chumvi, na sisi wa kisiwani hewa yetu ina chumvi mwaka mzima. Chumvi ikiingia ndani ya shaba, kisha unyevu ukafika, hutoka asidi inayoila shaba na kutengeneza chumvi nyingine, na kazi inaanza upya. Limau haitibu hilo: inaongeza asidi juu ya asidi. Mafuta ya nazi nayo huufunga unyevu ndani.

Nilichofanya ni kidogo. Kwa kioo cha kukuzia na mwiba wa mlimau niliutoa ule unga doa kwa doa, jioni tatu, bila kugusa ngozi nyekundu. Nikaiacha ikauke siku kadhaa ndani ya chombo kilichofungwa, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu vipya. Sasa imo ndani ya kichupa chenye kifuniko cha kubana, vifuko navibadilisha kila masika na kila vuli. Haing'ai hata kidogo. Mizani inaonekana, na 1299 inasomeka yote.

Nawaomba wenzangu wenye makasha ya wazee: mkiikuta pesa ya shaba, msiitie limau wala majivu, wala msiibadilishe na iliyong'arishwa. Ikausheni, iwekeni pakavu, na waandikieni wajukuu wenu kwenye karatasi ilitoka mkononi mwa nani.