Gobore

Gobore ni bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa kasiba, hupigwa mara moja, kisha hushindiliwa upya. Katika wilaya za Masasi na Newala, mkoani Mtwara, kama ilivyo kwingi kusini mwa Tanzania, jina hili limezoeleka zaidi kwa bunduki iliyotengenezwa au kuungwaungwa na fundi wa kijijini kuliko kwa ile iliyotoka kiwandani. Mara nyingi bunduki moja ni mchanganyiko: kasiba ya zamani, kitako kipya cha mti, na mtambo wa kufyatulia uliokwisha kubadilishwa vipande mara kadhaa. Kwa sababu hiyo ni vigumu kutaja umri wa gobore. Linaweza kuwa la babu kwa kasiba na la mjukuu kwa kitako.

Sehemu na majina

Magobore ya kale zaidi huitwa gumegume, kwa jina la jiwe gumu lililofungwa kwenye nyundo ya bunduki. Nyundo ikiangushwa, jiwe hupiga chuma na cheche huwasha baruti. Neno hilohilo limebaki katika mazungumzo ya kila siku, ambako mwanamume gumegume ni yule asiyefaa kitu. Baada ya gumegume ikaja fataki, kikombe kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka kinapogongwa. Fataki haiogopi sana unyevu, na ndiyo iliyolifanya gobore litumike hata wakati wa masika.

Kinacholitenganisha gobore na bunduki za kisasa za masafa ni sehemu ya ndani ya kasiba. Bunduki ya kisasa ina mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka, nayo huizungusha risasi ili ishike njia moja. Kasiba ya gobore ni laini, kwa hiyo risasi yake hupotea njia mapema. Mwindaji hulazimika kumkaribia mnyama mno. Akikosa, hana nafasi ya pili: ni lazima asimamishe bunduki, amimine baruti, atie kizibo cha nyuzi na marisau, ashindilie kwa ufito, aweke fataki, na haya yote ayafanye huku moshi mzito wa risasi ya kwanza ukiwa bado haujamwondoka machoni. Nguruwe pori aliyejeruhiwa hasubiri shughuli hiyo imalizike.

Jinsi bunduki zilivyofika

Bunduki za kwanza hazikuzaliwa kwenye uwanda wa Makonde. Zilipanda kutoka pwani. Katika mkataba wa 1833 baina ya Sultani Sayyid Said na Marekani, biashara iliachwa huru karibu yote, lakini bunduki na baruti ziliwekewa sharti: kisiwani Unguja zisiuzwe ila kwa serikali yenyewe. Sharti hilo laonyesha jinsi Sultani alivyoitambua nguvu ya bidhaa hiyo. Halikuizuia kusambaa. Wayao waliopeleka pembe za ndovu na watumwa Kilwa walirudi na nguo, bunduki na mapipa ya baruti, na wawindaji wa Kimakua walijulikana mbali na kwao kwa kuwinda tembo kwa bunduki. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza mjini Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipita huko kila mwaka.

Machemba, mtawala wa Kiyao aliyekuwa na ngome yake Luagala juu ya uwanda, aliwakatalia Wajerumani katika barua mashuhuri ya 1890 na akapambana nao kwa miaka kadhaa kabla ya kuvuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Mwaka huohuo wa 1890 ndipo ulipotiwa saini Mkataba wa Brussels, na kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, hakuna hati iliyoathiri historia ya gobore kuliko huo. Mataifa ya Ulaya yalikubaliana kupiga marufuku uingizaji wa bunduki za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, kutoka latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini. Zilizoruhusiwa kuuzwa, chini ya masharti, ni gumegume zenye kasiba laini na baruti ya kawaida. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na kweli bunduki ilikuwa imeilisha biashara hiyo. Lakini matokeo yake ni kwamba mkoloni alibaki na bunduki inayopiga mfululizo na mwenyeji akaachiwa ya kushindilia. Tofauti hiyo ilionekana waziwazi katika Vita vya Majimaji. Wapiganaji waliichoma misheni ya Masasi mnamo Agosti 1905, lakini kwingineko walikufa kwa mamia mbele ya bunduki za rashasha. Baadaye Wajerumani waliwadai walioshindwa wakabidhi silaha zao.

Hata jeshi la Wajerumani lenyewe lilianza Vita Kuu ya 1914 huku askari wake wengi wakibeba bunduki za modeli ya 1871, za baruti nyeusi, ambazo moshi wake uliwafichua kwa adui. Novemba 1917 kamanda wa jeshi hilo, Lettow-Vorbeck, alirudi nyuma akipitia Newala, akavuka Ruvuma na kuiteka kambi ya Wareno ya Ngomano tarehe 25. Hapo askari wake walipata bunduki za kisasa na risasi nyingi, wakaziacha zile kuukuu.

Kazi ya fundi

Gobore la kijijini limetokana na uhunzi. Mikono iliyofua majembe, mashoka na visu ndiyo iliyoombwa kunyoosha nyundo iliyopinda au kubadilisha springi iliyokatika. Matengenezo yalizaa ujuzi, na ujuzi ukazaa utengenezaji.

Ustadi huo haufuti hatari yake. Chuma kinachopatikana kijijini hakikutengenezwa kuhimili mlipuko wa baruti, na mhunzi hana chombo cha kukipima. Kasiba inapopasuka hupasuka karibu na shavu na mkono wa kushoto wa mpigaji, na hujeruhi pia waliosimama kando yake. Wanyama nao huumia: tembo aliyepigwa gobore anaweza kutembea siku nyingi na kidonda kabla ya kufa. Jambo hilo si dogo katika ukanda wenye mapori ya akiba ya Msanjesi na Lukwika-Lumesule.

Anayeshika gobore mara nyingi anadai kulinda shamba. Nguruwe pori wakiingia kwenye mihogo usiku mmoja huacha matuta yamefumuliwa, na nyani humaliza mahindi mchana kweupe. Dai hilo lina ukweli, ila halibadilishi sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inataka kila mwenye silaha awe na leseni, na kutengeneza silaha bila kibali ni kosa la jinai. Tanzania pia imo katika Itifaki ya Nairobi ya 2004 kuhusu silaha ndogo, na serikali imewahi kutangaza vipindi vya watu kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa.

Ng'ambo ya Ruvuma

Kusalimisha silaha kwa hiari kulijaribiwa Msumbiji pia. Nchi hiyo, baada ya vita vya ukombozi vilivyoanza 1964 na vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha 1992, ilibaki na silaha nyingi mno. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo, chini ya Askofu Dinis Sengulane, lilianzisha mpango ambao jina lake la Kireno maana yake ni kubadili silaha kuwa majembe. Aliyeleta bunduki alipewa kifaa cha kazi: jembe, baiskeli au cherehani. Bunduki zilikatwakatwa, na vipande vikapewa wasanii mjini Maputo. Mmoja wao, Kester, aliviunga mwaka 2001 kuwa kiti ambacho sasa kimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Sehemu ya juu ya mgongo wa kiti hicho ni vitako vya bunduki za G3, aina waliyotumia Wareno. Matundu ya skrubu na ufa wa kupitishia mkanda kwenye kitako vimekaa kama macho mawili na mdomo unaotabasamu, na Kester hakuvichonga yeye: alivikuta hivyohivyo.