Pakanga na Tembo la Mnazi

Marehemu mjomba wangu hakuwa mlevi, lakini kila palipokuwa na ngoma pale Maramba, yeye ndiye aliyetumwa kuchagua tembo lililopandishwa kutoka pwani. Hakuanza na bei. Aliuliza, "Limegemwa lini, na nani?" Kisha alinusa, akaonja funda moja. Tembo la asubuhi ni tamu, la jioni limechacha, la kesho yake linaelekea kuwa siki. Lililotiwa maji halimpiti mjuzi. Na wahenga wametuonya juu ya mgema akisifiwa.

Nilimkumbuka mjomba niliposoma habari za absinthe. Pombe hii kali ilianzia Uswisi mwishoni mwa karne ya 18, ikiuzwa kama dawa. Hutengenezwa kwa kuloweka pakanga, anisi na shamari katika pombe kali, kisha kuikeneka. Pakanga ni ule uchungu unaotajwa katika Ufunuo 8:11. Katika miaka ya 1840 askari wa Ufaransa waliokuwa Aljeria walipewa absinthe ili kujikinga na homa, wakarudi kwao na mazoea yake.

Baadaye wadudu waliangamiza mizabibu ya Ufaransa, divai ikapanda bei, na absinthe ikawa kinywaji cha maskini. Hapo ndipo wajanja walipoingia. Walitumia pombe duni, na badala ya rangi ya majani wakatia chumvi ya shaba ili iwe kijani. Mwaka 1905 Mswisi mmoja, Jean Lanfray, aliua mkewe na watoto wake wawili. Siku ile alikuwa amekunywa divai nyingi na brandi, lakini lawama iliangukia absinthe. Uswisi iliipiga marufuku mwaka 1910, Ufaransa mwaka 1915. Uchunguzi wa chupa za kale, uliochapishwa mwaka 2008, haukukuta sumu ya pakanga ya kutisha; jambo kubwa lilikuwa ukali wa pombe yenyewe. Uswisi ilikwisha kuiruhusu tena mwaka 2005.

Leo anayeichagua hutazama mambo machache: rangi iwe imetokana na majani, isiwe na sukari, na ikitiwa maji baridi igeuke polepole kuwa nyeupe, karibu kama tembo letu.

Na kwetu? Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 ilikataza kupika gongo bila leseni. Gongo halikwisha, lilihamia vichakani na usiku. Gizani hakuna wa kuuliza swali la mjomba, wala mpishi hakubali kutajwa jina. Novemba 2000, jijini Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe haramu iliyokuwa na methanoli, na wengine walipofuka.

Hapo ujuzi wa mjomba unafika mwisho. Maji katika tembo ulimi huyatambua. Methanoli ndani ya pombe kali haitambuliki kwa pua wala kwa ulimi. Kwa hiyo, kabla ya harufu na rangi, lipo lile swali lake la kwanza: nani ameitengeneza, na lini? Asipopatikana wa kulijibu mchana kweupe, uchaguzi umekwisha: weka kikombe chini, uende zako.