Mwimbaji wa Chełmno Mbele ya Kanisa



Walionusurika katika maangamizi ya Wayahudi hawakusikilizwa upesi. Primo Levi, mkemia wa Torino, alirudi kutoka Auschwitz mwaka 1945. Kitabu chake kilikataliwa na mchapishaji mkubwa, kikatolewa mwaka 1947 nakala 2,500 tu. Elie Wiesel alikaa kimya miaka kumi, na aliyemhimiza kuandika alikuwa Mkatoliki, François Mauriac.

Lakini leo napenda tukae na filamu moja, Shoah, aliyoitoa Claude Lanzmann mwaka 1985. Ina urefu wa saa zaidi ya tisa, nayo haionyeshi picha za maiti. Inaonyesha watu wakisimulia.

Mmoja wao ni Simon Srebnik. Akiwa mvulana wa miaka kumi na mitatu alifungwa Chełmno, nchini Polandi, ambako Wanazi waliua watu zaidi ya 150,000 kwa kuwafungia ndani ya malori na kuelekeza humo moshi wa injini. Alikuwa na sauti nzuri. Basi askari walimpandisha mashua, pingu miguuni, awaimbie mtoni. Januari 1945 walimpiga risasi ya kichwa, wakamwacha wakidhani amekufa.

Lanzmann alimrudisha kijijini. Ni sikukuu ya Kuzaliwa Bikira Maria, na waumini wamemzunguka mbele ya kanisa. Wanamkumbuka, na furaha yao ni ya kweli. Wanasimulia hata jinsi Wayahudi walivyofungiwa ndani ya kanisa hilohilo kabla ya kuchukuliwa. Kisha wanaulizwa: kwa nini mambo haya yaliwapata Wayahudi? Baadhi yao wanajibu kwa habari ya Pilato kunawa mikono, na ya damu ambayo umati uliitaka iwe juu yao. Srebnik amesimama katikati, kimya.

Watu hao hawakuwa wauaji. Wapolandi nao waliuawa kwa wingi na Wanazi. Lakini jibu lile walilipata wapi? Si kwa Hitler. Lilifundishwa makanisani karne nyingi kabla yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, ulikwisha kukataa kwamba mateso ya Bwana yahesabiwe juu ya Wayahudi wote wa wakati ule, au juu ya Wayahudi wa leo. Mbele ya mlango ule wa kanisa, tamko hilo lilikuwa bado halijafika.

Makatekista wapenzi, Ijumaa Kuu husomwa Mateso kadiri ya Yohane, na neno “Wayahudi” hurudi mara nyingi. Kabla ya siku hiyo waelezeni watoto kwamba Yesu, Mama yake na Mitume walikuwa Wayahudi. Kisha fungueni Katekismu, namba 598, muwasomee ni nani waliomtesa Bwana.