Njia bora ya kuandaa hati za tarakilishi kwa wasioona

MKAZI asiyeona wa Ganda, Malindi, hupokea hati kwa rununu sawa na jirani yake. Iwapo ni fomu ya basari, kushindwa kuisoma kabla ya siku ya mwisho huenda kukamkosesha mwanawe karo.

Hati iliyopigwa skani ni picha tupu. Programu za kuwasomea wasioona kwa sauti, kama vile NVDA iliyoanzishwa Australia mwaka wa 2006 na isiyolipiwa, hazipati maandishi ya kusoma humo.

Zipo njia tatu. Kwanza, kuna programu za kutambua herufi zilizo katika picha. Hizi hufaa nyaraka kongwe, ila majina na tarakimu lazima zihakikiwe. Pili ni Breli, imfaayo aliyefunzwa kuisoma, lakini huhitaji mashine maalumu.

Ya tatu, iliyo bora, ni kuandaa hati ifaavyo tangu mwanzo. Vichwa viwekwe kwa mitindo ya programu ya kuandikia, si kwa kukoza herufi tu. Picha zielezwe kwa maneno. Lugha ibainishwe kuwa Kiswahili, la sivyo sauti huenda ikayatamka maneno kwa lafudhi ya Kiingereza. Panapohitajika muhuri na sahihi, nakala ya skani iambatanishwe na ile yenye maandishi.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinawapa walemavu haki ya kutumia Lugha ya Ishara, Breli au njia nyingine zifaazo za mawasiliano. Utekelezaji wake huanzia kwa karani aandikaye hati.