Amina ya mtu anayeelewa



Paulo aliwauliza Wakorintho: mtu asiyeelewa maombi yako ataitikaje Amina? (1 Wakorintho 14:16). Swali hilo lilifika hata kwa ndugu zetu Wakatoliki, na sehemu ya jibu lake ilitoka hapa kwetu Kongo.

Wazee wanakumbuka. Padri alisoma Misa kwa Kilatini, akiangalia altare, mgongo kwa watu. Waamini wengi walishika rozari, kila mtu akisali peke yake mpaka Misa iishe. Mwaka 1958, kule Kamina katika Katanga, padri Mbelgiji Guido Haazen na kwaya yake waliimba Missa Luba kwa ngoma na sauti za kwetu. Ngoma ilikuwa ya nyumbani, lakini maneno yalibaki Kilatini.

Tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati juu ya ibada. Kura 2147 zilikubali, 4 zilikataa. Hati ilitaka waamini washiriki kwa kuelewa na kwa kutenda, wasikae kama watazamaji. Ikafungua mlango kwa lugha za watu.

Maaskofu wa Kongo, pamoja na Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa, waliingia kazini. Walitengeneza Misa ambamo watu wanaitikia kwa sauti, wanaimba na kucheza mbele za Mungu. Toba waliiweka baada ya mahubiri: kwanza mtu asikie Neno, kisha atubu, halafu apeane amani na jirani. Roma iliikubali mwaka 1988, miaka 25 tangu ile hati. Malula alifariki mwaka uliofuata.

Hatupatani nao katika yote. Misa hiyo inawaita watakatifu na mababu. Sisi tunaliita jina la Yesu peke yake. Lakini tusiwacheke, tujipime. Mhubiri wetu akikaza Kifaransa, yule mama wa benchi la nyuma anaitikia Amina ya nini? Na mikro ikikaa mkononi mwa mtu mmoja tangu asubuhi mpaka saa saba, washirika wengine wametofautiana wapi na wale wa rozari?

Wao walingoja miaka 25. Sisi tunaweza kuanza Jumapili hii: tumtafsirie yule mama, na tumpe nafasi ya kushuhudia.

Bwana awabariki.