Sayyida Salme, jua la Mtoni na ufundi wa kuunganisha picha

Ipo picha ya Sayyida Salme binti Said amevaa mavazi ya kifalme ya Unguja, na ni rahisi kudhani ilipigwa Mtoni, kwenye jumba la baba yake, Sultani Sayyid Said, alikozaliwa mwaka 1844. Lakini Salme alitoroka Unguja mwaka 1866, akaolewa Aden mwaka uliofuata, na picha hiyo ikapigwa studio, Hamburg. Nguo ni za kwetu, mwanga ni wa Ujerumani.

Mtu akiikata leo kwenye kompyuta na kuibandika mbele ya magofu ya Mtoni, jicho litaikataa hata kama kingo zimekatwa kwa ustadi. Kosa la kwanza litakuwa la jua. Studio za wakati ule zilitegemea dirisha kubwa au paa la vioo, na mwanga wake ulikuwa laini, ukiingia kwa ubavuni. Mtoni iko nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta. Mwanzoni mwa Machi, na tena Oktoba, jua la adhuhuri hupita juu ya utosi: kivuli cha mtu hujikusanya chini ya nyayo, macho huzama gizani, pua humwaga weusi mdomoni. Uso wa Hamburg hauwezi kusimama hapo. Afadhali magofu yapigwe siku ya mawingu, kisha fundi achore kivuli chepesi pale viatu vinapogusa sakafu, kizito zaidi chini ya soli na kikififia kadiri kinavyotoka nje. Kivuli hicho kikikosekana, mtu huonekana anaelea.

Kosa la pili ni la kemia, na hili wengi hulisahau. Bamba la kioo lililopakwa kolodioni, lililotumika miaka ya 1860, halikuona wekundu na lilizidisha buluu. Hariri nyekundu ilitoka nyeusi na anga ikatoka nyeupe tupu. Kuiondolea rangi picha ya leo ya Mtoni hakutoshi. Fundi aitoe kwenye chaneli ya buluu peke yake, aache nyekundu na kijani, ndipo miti na mawe yatakapofanana na zama za Salme.

Anga hiyo nyeupe ndiyo iliyowasukuma mafundi wa kale kuunganisha. Katika miaka ya 1850 Gustave Le Gray, Mfaransa, alichapa bahari kutoka negativu moja na mawingu kutoka nyingine kwenye karatasi ileile. Mwaka 1857 Oscar Rejlander, kule Uingereza, aliunganisha negativu zaidi ya 30 zikawa picha moja. Programu ya Photoshop ilipoanza kuuzwa mwaka 1990, kazi hiyo ilikuwa na zaidi ya miaka 130.

Pwani yetu nayo ina mafundi wake. Mji Mkongwe ulikuwa na studio za Wagoa, ya A. C. Gomes ikiwa maarufu, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio. Lakini wa kuunganisha hasa, kwangu mimi, ni Omar Said Bakor wa Lamu, aliyefungua Bakor Studio miaka ya 1960. Alijifunza mwenyewe. Alikata sura, akazipachika ndani ya maumbo mengine, akapiga picha upya. Hakutaka kumdanganya mtu. Mteja alijua na akapenda. Ubunifu wake unastahili kutajwa kila inapotajwa historia ya picha Afrika Mashariki.

Mtoni kuna kazi inayomngoja fundi wa namna hiyo. Bendele, ukumbi wa mbao ulioelekea baharini, ambako Sayyid Said alikuwa akitembea huku na huko kwa mawazo, haupo tena. Salme aliueleza katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 1886: ni wa duara, paa lake kama hema, mbao zimepakwa rangi. Maelezo hayo yanatosha kuujenga upya juu ya picha ya ufuo wa leo, mradi chini yake iandikwe waziwazi kwamba picha imeunganishwa, na itajwe kilichotoka kwenye kamera na kilichotoka kitabuni. Bila maandishi hayo, picha ikiwa nzuri sana, baada ya miaka michache itaingizwa kwenye vitabu vya shule kama ushahidi.